Namna ya Kujidai na Gitaa Kavu la Kijapani

Unataka gitaa kavu lenye sauti ya kifua, lile ambalo ukiligusa nyuzi mara moja sebuleni mazungumzo yanakatika. Hela ya Martin, gitaa la Kimarekani, huna. Karibu, vuta kiti. Nina njia ya mkato, na aliyeifuata kwa makini hajawahi kuaibika.

Martin D-28 mpya leo inazidi dola 3,000. Kwa fedha hizo mtu wa Dar es Salaam ananunua bodaboda mbili. Gitaa la Kijapani la miaka ya 1970, lililochongwa kwa kuifuata D-28 hiyohiyo mstari kwa mstari, unalipata kwa dola mia chache ukitafuta kwa subira. Ukikaa nalo hatua tano kutoka kwa watu, asiyejua magitaa hatatofautisha. Anayejua naye, ukimwambia afumbe macho, atasita kabla ya kujibu. Huo ndio udanganyifu ninaokufundisha. Nausimamia bila kupepesa, kwa sababu hakuna unayemwibia na mwisho wa siku chombo kizuri kiko mkononi mwako.

1. Kwanza acha kuona haya

Waliotengeneza magitaa haya walianzia hapohapo ulipo wewe. Walisikia sauti ya Martin na Gibson kwenye sahani za santuri, wakaitamani, wakaangalia bei. Tangu 1949 hadi 1971 dola moja ilifungwa kwenye yeni 360. Kwa kijana wa Kijapani, gitaa la Kimarekani lilikuwa ndoto ya mchana. Wakafanya alichofanya kila fundi hodari tangu dunia iumbwe: wakalifungua moja, wakalipima, wakatengeneza lao.

Yeni ileile iliyomnyima Mjapani gitaa la Marekani ilifanya gitaa la Kijapani liwe bei ya mboga huko Marekani. Masoko yakawa mawili, la ng'ambo na la nyumbani. Na la nyumbani ndilo lililowatia mafundi adabu. Vijana wa Japani walikuwa wameshikwa na muziki wa gitaa kavu na harmonika kiasi kwamba mwaka 1973 Yosui Inoue alitoa albamu, Kori no Sekai, iliyokuwa ya kwanza nchini humo kuuza nakala milioni moja. Hebu fikiria idadi ya wavulana na wasichana waliotoka dukani na sahani ile wakaenda moja kwa moja kutafuta gitaa. Viwanda vikawa vinashindana mtaa kwa mtaa. Aliyechonga shingo mbovu alirudishiwa gitaa lake.

Kisha mwaka 1985 mataifa makubwa yakakubaliana mjini New York kuishusha dola. Yeni ikapaa, gharama za Japani zikapaa nayo, na kazi ya magitaa ya bei nafuu ikahamia Korea. Kwa hiyo unachotafuta wewe kilizaliwa kati ya 1966, utaona sababu hapo chini, na katikati ya miaka ya 1980. Kariri hiyo. Ukiitamka kwa utulivu dukani, muuzaji ataacha kukuita "kijana wangu".

2. Kariri mahali, majina yatafuata

Majina yaliyoandikwa vichwani mwa magitaa haya ni mengi mno, na mengine yalikuwa ya duka tu, kiwanda kimoja kikibandika majina kumi. Usipoteze usingizi. Jifunze yanakotoka.

Hamamatsu ni mji wa pwani, na ndiko kwao Yamaha. Mwaka 1887 Torakusu Yamaha alirekebisha kinanda kibovu cha shule huko, akaona hata yeye anaweza kukiunda, na kampuni yake ikaitwa Nippon Gakki. Mwaka 1966 kampuni hiyo ikatoa magitaa mawili ya nyuzi za chuma, FG-180 na FG-150. Chungulia ndani ya tundu: ukiona lebo nyekundu yenye jina la Nippon Gakki, tulia, meza mate, na usionyeshe uso wa furaha. Hizo ndizo zinazotafutwa. FG za baadaye zilizotengenezwa Taiwan nazo zina heshima yake, ila hazina hadithi, na wewe umekuja kununua sauti pamoja na hadithi.

Na hadithi ni hii. Tamasha la Woodstock, Marekani, mwaka 1969, mamia ya maelfu ya watu shambani. Ratiba imevurugika, wanamuziki wamechelewa, na waandaaji wanamsukuma Country Joe McDonald apande jukwaani peke yake. Hana gitaa. Anaazimwa Yamaha FG-150, linafungwa kamba ya kawaida badala ya mkanda, anapanda. Umati mzima ukaimba naye. Gitaa la plaiwudi, la bei ndogo, lilitosha kwa uwanja ule wote. Mtu akikudharau kwa sababu umebeba Yamaha kuukuu, msimulie hilo polepole, kisha mpe gitaa ashike.

Panda milimani, mkoa wa Nagano, ufike Matsumoto. Huko hewa ni kavu, na watu wanajua mbao. Kiwanda cha Matsumoku kilikuwa kikitengeneza makabati ya cherehani za Singer kabla hakijageukia magitaa. Cherehani ile ya bibi, yenye mbao iliyopakwa vanishi ikang'aa mpaka unajiona, ndiyo iliyowafunza wenzetu hawa kuunga pembe na kupaka rangi. Baada ya 1970 wakawatengenezea Wamarekani magitaa ya jina la Epiphone, kisha kiwanda kikafungwa mwaka 1987. Fujigen, iliyoanza mwaka 1960, iko mji huohuo. Morris ya kampuni ya Moridaira ni ya upande huo. Headway nayo ilianza huko mwaka 1977, wakajenga magitaa ya kufuata Martin kwa ukali wa ajabu. Headway za miaka ile ya mwanzo ni chache na wenye nazo hawaziachi. Ukibahatika kuikuta kwa mtu asiyejua thamani yake, mlipe anachotaka na umwongezee kidogo, ili ulale usingizi.

Mkoa wa Gifu una mawili makubwa. Takamine iko chini ya mlima uliowapa jina. K. Yairi iko Kani, karakana ya Kazuo Yairi, mtu aliyekataa kukimbizana na wingi. Kuna pia S. Yairi, ya Sadao Yairi, karakana nyingine kabisa. Herufi moja hiyo itazame vizuri kabla hujatoa pesa, kwa sababu wauzaji huiruka kwa makusudi au kwa kutojua.

Mimi nikiambiwa nichague moja tu katika yote, nachukua K. Yairi ya katikati ya miaka ya 1970 na siulizi rangi. Shingo zake zimekaa, na sauti yake ina uzito bila kuwa na vumbi.

Usisahau Sigma. Hili ni la kumfurahisha mwenye kiburi. Martin wenyewe walipoona kopi za Kijapani zinawala soko lao la chini, mwaka 1970 walianzisha jina la Sigma na kazi wakaipeleka Japani. Kwa hiyo ukiwa na Sigma ya miaka ya 1970 huhitaji kuiga ukoo. Wewe ni ndugu halali, wa mama mdogo.

3. Soma namba, utajua alicholipa mnunuzi wa kwanza

Hapa ndipo utakapoonekana mchawi. Viwanda vya Japani vya enzi ile vilikuwa na mazoea ya kuandika bei ndani ya jina la gitaa. FG-180 iliuzwa yeni 18,000. FG-150 iliuzwa 15,000. Morris W-40 ilikuwa gitaa la yeni 40,000. Muuzaji wa leo anakuapia kwamba hili ni "la juu kabisa, toleo maalumu", nawe unaangalia lebo unaona 20. Huna haja ya kumbishia. Tabasamu, na uteremshe bei.

Namba inakusaidia pia kukisia mbao. Magitaa ya namba za chini kwa kawaida yana uso wa plaiwudi. Ukipanda kwenda 50, yaani yeni 50,000, na kuendelea, uwezekano wa kupata uso wa ubao mzima wa sprusi unakua. Lakini usiamini namba peke yake. Tazama ukingo wa tundu la gitaa: mistari ya ubao ikiteremka kutoka juu hadi chini bila kukatika, huo ni ubao mzima. Ukiona tabaka, kama za biskuti, ni plaiwudi.

Kwa K. Yairi na ndugu yake wa soko la Marekani, Alvarez-Yairi, tazama namba iliyogongwa kwenye kibao cha ndani, pale shingo inapoungana na mwili. Tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka wa utawala wa mfalme Hirohito. Jumlisha 25. Ukiona 50, gitaa ni la 1975. Ukiona 52, ni la 1977. Fanya hesabu hiyo kichwani mbele ya watu, taja mwaka kwa sauti ya chini, kisha endelea na mambo mengine. Heshima utakayopata haiuzwi dukani.

4. Furahia kesi, usiilipie

Muuzaji wa mtandaoni atakuambia: "Hili ndilo lile gitaa la kesi." Maana yake anataka uongeze dola mia mbili.

Kesi ilikuwepo kweli. Mwaka 1977 kampuni ya Norlin, iliyokuwa ikimiliki Gibson, iliishtaki mahakamani Philadelphia kampuni ya Elger, iliyokuwa ikiuza magitaa ya Ibanez nchini Marekani. Ugomvi ulikuwa juu ya umbo la kichwa cha gitaa. Wakamalizana nje ya mahakama. Kesi ilikuwa moja, mshtakiwa mmoja, na magitaa yaliyobishaniwa yalikuwa ya umeme. Gitaa kavu unaloonyeshwa halikusimama kizimbani hata siku moja.

Sasa wewe fanya hivi. Kwa muuzaji, yaseme hayo yote kwa adabu, mwaka na mji, na uone bei inavyorudi mahali pake. Kwa rafiki zako jioni, wasimulie jinsi Wajapani walivyoiga vizuri mpaka Wamarekani wakakimbilia kwa wanasheria. Hiyo ni kweli tupu na ni burudani, na hukuilipia senti.

5. Kagua gitaa kama unayechagua mkwe

Hatua hii usiiruke. Zote nyingine ukizikosea utacheka baadaye. Hii ukiikosea utalia.

Nyuzi sita za chuma zikikazwa zinavuta kwa nguvu inayokaribia kilo 70. Gitaa la 1974 limevutwa hivyo miaka hamsini, usiku na mchana, likiwa kabatini, likiwa chini ya kitanda, likiwa kwenye gari wakati wa baridi. Kitu lazima kisogee. Swali lako ni moja: kimesogea kiasi gani?

Chukua rula ndefu iliyonyooka. Ilaze juu ya freti, katikati ya shingo, uisukume hadi ifike kwenye daraja, yaani kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi juu ya uso wa gitaa. Ncha ya rula ikipanda juu ya daraja, au ikiligusa juu kabisa, shingo iko salama. Ikigonga ubavuni mwa daraja, chini ya ukingo, shingo imeinama mbele na itabidi ing'olewe na kuungwa upya. Hiyo ni kazi ya fundi hasa, na inaweza kula bei ya gitaa lenyewe. FG za lebo nyekundu zina sifa mbaya hapo: gundi iliyotumika ni ngumu, na mafundi wengi wakiiona wanakuna kichwa.

Muuzaji atasema, "Ah, kuna chuma ndani ya shingo, unakaza tu." Chuma hicho kinanyoosha mpindo wa shingo. Hakirudishi pembe yake. Mwambie hivyo kwa upole, maana pengine hata yeye hajui.

Angalia nyuma ya daraja. Uso umevimba kidogo? Ni kawaida, gitaa lisilovimba hata kidogo mara nyingi limejengwa zito mno na halitaimba. Umevimba kama kitumbua? Rudisha. Pitisha kipande cha karatasi chini ya ukingo wa daraja, sehemu ya nyuma. Kikiingia, daraja limeanza kubanduka. Si msiba, ila ni hoja ya kupunguziwa.

Gonga mgongo na uso kwa kifundo cha kidole, taratibu, kila mahali. Sauti iwe moja. Ukisikia kitu kinatetemeka kama nyuki ndani ya kopo, kuna ubao wa ndani umeachia gundi. Kisha ingiza pua kwenye tundu. Harufu ya mbao kuukuu ni nzuri. Harufu ya ukungu ina maana gitaa limelala majini, na mengine usiyoyaona yanakuja.

Mikwaruzo, rangi iliyopasuka, lile pambo jeusi la plastiki lililokunjamana, hayo yapende. Yanaogopesha wanunuzi wengine na hayagusi sauti. Muuzaji akikuomba radhi kwa ajili ya mikwaruzo, nyamaza. Sisemi udanganye. Nyamaza tu.

Kuna njia ya mkato kwa mwenye shingo iliyoinama, na niliahidi njia za mkato. Epiphone nyingi za FT zilizotengenezwa Matsumoku miaka ya 1970 zina shingo iliyofungwa kwa skrubu, nyuma, pale shingo inapokutana na mwili. Wataalamu wa maduka makubwa waliinua pua. Wewe zishukuru skrubu hizo. Fundi mwenye bisibisi na kipande chembamba cha mbao anaweza kurekebisha pembe ya shingo bila mvuke wala msumeno, na gitaa likarudi kupigika.

6. Usilie kwa ajili ya plaiwudi

Wajuzi watakuambia ubao mzima ndio gitaa, plaiwudi ni sanduku la chai. Wana haki nusu. Ubao mzima unafunguka kadiri miaka inavyokwenda, na ukisikia sprusi ya miaka hamsini utaelewa kwa nini watu wanauza viwanja.

Lakini unaishi wapi? Kama ni Tanga, Mombasa au Unguja, hewa yako ni mvua isiyonyesha. Ubao mzima unanyonya unyevu huo, unavimba, nyuzi zinapanda juu, na kiangazi kikija unasinyaa. Plaiwudi, tabaka zake zimepishana, haitikisiki kirahisi. FG-180 yenye uso wa plaiwudi itakaa ukutani Forodhani ikapigwa kila jioni, na jirani yako mwenye ubao mzima ataishi kwa fundi. Ukiwa Nairobi au Arusha, tatizo linageuka: miezi ya ukavu inapasua mbao. Weka sifongo yenye unyevu kidogo ndani ya kasha, na ikumbuke.

7. Nunua kwa njia iliyonyooka

Tumeshazoea magari ya Kijapani yaliyotumika, yanashuka bandarini Dar na Mombasa nasi tunayalilia. Magitaa ni ustaarabu uleule: wenye nayo waliyatunza. Tokyo, mtaa wa Ochanomizu, maduka ya magitaa yamepangana bega kwa bega. Maduka ya vitu vilivyotumika ya Hard Off yametapakaa nchi nzima, na huko ndiko bei inapolegea. Kama una ndugu anayesoma au kufanya kazi Japani, leo ndiyo siku ya kumpigia kumjulia hali. Usidharau pia stoo ya karibu: ya kanisa, ya bendi iliyovunjika, ya mzee aliyerudi kutoka ng'ambo zamani na kasha lake halijafunguliwa. Ukimwendea mzee, nenda na salamu kamili, kaa, kunywa chai, zungumzia muziki wake kwanza. Usimdanganye mzee juu ya thamani. Mwambie kitu kilivyo na umpe bei ya haki. Ukifanya hivyo atakupa na kasha bure.

Jambo moja la sheria, usilichukulie mzaha. Baadhi ya magitaa ghali ya Kijapani yana mgongo na mbavu za rozwudi ya Brazili, Dalbergia nigra. Mti huo tangu 1992 uko kwenye orodha kali kuliko zote ya CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na hauvuki mpaka bila kibali. Rozwudi ya India ni nafuu zaidi: tangu 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vya mbao hiyo vimeondolewa kwenye sharti hilo. Muulize muuzaji ni ipi, na upate jibu kwa maandishi.

Na ukipata ya rozwudi, ya aina yoyote, jivune kidogo. Ukoo wake, Dalbergia, ndio ukoo wa mpingo wetu wa Lindi na Mtwara. Unapolikumbatia gitaa lile umemkumbatia binamu.

8. Likifika, lisaidie

Gitaa likifika usilikimbilie jukwaani. Toa nyuzi kuukuu. Weka nyepesi, seti inayoanzia 0.011, au hata 0.010 kama shingo inakutia mashaka. Utapunguza mzigo unaolivuta, na vidole vyako vitakushukuru.

Halafu tazama kile kijiti cheupe kinachokaa juu ya daraja, kinachobeba nyuzi. Kwenye magitaa mengi ya bei ya chini ni plastiki. Hapo ndipo sauti inapomezwa. Nenda kwa muuza nyama, omba mfupa mnene wa mguu wa ng'ombe. Uchemshe mafuta yatoke, uuanike mpaka ukauke kabisa, umpelekee fundi aukate na kuupiga msasa kwa vipimo vya kile cha zamani. Ateremshe mpaka uzi mnene ukae kama milimita 2.5 juu ya freti ya 12. Hakuna badiliko la bei ndogo hivyo linalofanya kazi kubwa hivyo. Sauti inatoka imenawa uso.

9. Jidai

Sasa fanya ulichokuja kufanya.

Magitaa mengi ya Kijapani ya miaka ya 1970 yana maandishi kichwani yaliyochorwa kwa mwandiko wa Martin. Takamine za wakati ule zinashangaza: herufi zimelala vilevile, rangi ileile ya dhahabu. Kwa hiyo chagua kiti. Kaa taa ikiwa nyuma yako au pembeni, kichwa cha gitaa kikiwa upande wa giza kidogo. Waache watu waone umbo, rangi ya mbao, mpangilio wa mapambo, na wajiambie wenyewe wanachotaka. Hujasema neno. Akija mtu kukuuliza, "Hiyo ni Martin?", jibu lako liwe fupi: "Hapana, hii ni Yairi." Litamke kana kwamba ulikuwa na fedha ya Martin ukaamua vinginevyo. Lakini usiibandike jina la uongo, na siku ya kuiuza usimuuzie mtu hadithi. Kwenye pesa ya mwenzio, mchezo unaishia hapo.

Kisha piga, maana ndicho kipimo. Usilikwaruze kwa nguvu, gitaa lolote linapiga kelele likikwaruzwa. Tumia kidole gumba na cha shahada, ule mtindo wa Katanga alioupiga Mwenda Jean Bosco alipomwimbia mkusanya nyimbo Hugh Tracey kwenye kinasa sauti huko Jadotville mwaka 1952, na George Mukabi naye akawa na mtindo wake huko Kenya magharibi. Besi itembee peke yake chini, sauti ya juu ijibu. Mtindo huo hauna mahali pa kujificha. Gitaa bovu linachanganya nyuzi zote kuwa uji. FG ya lebo nyekundu iliyokaa vizuri inazitenganisha, besi kavu na ya haraka, juu kuna kengele. Yairi inaongeza mwangwi katikati, ule unaokufanya urudie kipande kilekile mara tatu bila sababu.

Wakikuomba walishike, wape. Mwenye Martin mpya hulikumbatia lake kwa hofu ya mkwaruzo. Lako lina mikwaruzo tayari. Lizungushe mkono kwa mkono, kila anayejua wimbo aupige, na wewe simama pembeni usikilize linavyosikika kutoka mbele, kwa sababu mpigaji hapati kamwe kulisikia gitaa lake kama wanavyolisikia wengine.